Ndugu Hana Nusu

Tunapozungumzia utamaduni wa Taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na methali. Hayo yote ni mema na yastahili kuhifadhiwa. Lakini utamaduni si pambo la kuvaliwa siku ya sikukuu. Utamaduni ni namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyolea, wanavyozika, na wanavyogawana kile alichokiacha aliyekufa. Katika makala haya nakusudia kusema juu ya jambo moja ambalo wengi hulijua na wachache hulitamka: habari ya mtoto anayejitokeza baada ya baba kufa, akasema, "Na mimi ni wake." Nakusudia kuwapinga wale wanaomfukuza mtoto huyo kwa jina la mila. Nitaanza kwa kujipinga mwenyewe, maana nilikuwa mmoja wao.

Baba yangu alifariki mwaka 2018, nyumbani kwake Segerea. Alijenga huko zamani, wakati Segerea ilipokuwa bado mashamba, na mtu akilitaja jina hilo mjini watu walifikiri kwanza gereza la mahabusu, pengine na seminari kuu. Katika ujana wake alikuwa karani wa reli, akahamishwa kituo hata kituo, na kwa miaka kadhaa alikaa Tabora, pale njia inapogawanyika, moja ikenda Mwanza na nyingine Kigoma. Hayo tuliyajua. Siku ya tatu baada ya mazishi tuliyajua mengine.

Alikuja mtu mzima, mwenye mvi kunizidi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Hakulia kwa sauti wala hakufanya fujo. Alitoa bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za hawala za posta, na barua mbili. Sikuhitaji kusoma jina lililokuwa chini ya barua hizo. Mwandiko ule ndio ulionifundisha kuandika. Mtu yule alizaliwa miaka miwili kabla yangu, kabla baba hajamwoa mama yetu. Alimwendea baba yetu mdogo, akainama, akasema, "Shikamoo, baba mdogo." Baba mdogo hakuitikia.

Ndugu msomaji, katika nchi hii tunamwitikia shikamoo mlevi barabarani. Tunamwitikia tusiyemjua, na hata tuliyegombana naye jana. Mtu akinyimwa marahaba mbele ya kadamnasi, ameambiwa kwamba hayupo. Na katika kikao cha ukoo kilichofuata ndivyo ilivyosemwa, tena kwa methali: asiyekuwapo na lake halipo.

Mimi ndimi niliyekuwa katibu wa kikao hicho, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika muhtasari uliotakiwa kupelekwa mahakama ya mwanzo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Niliandika kwamba marehemu ameacha mjane na watoto sita. Nilijua kuwa ni saba. Wala sikunyamaza kwa sababu ya nyumba ile ya vyumba vinne na uwanja wake. Nilinyamaza kwa sababu tangu kuzaliwa kwangu niliitwa mtoto wa kwanza, na mtu yule alikuwa ananiondoa katika kiti changu kwa kuzaliwa tu. Nayasema haya wazi ili vijana wajue kwamba mara nyingi tunapojitetea kwa mila, tunayoyatetea hasa ni makubwa yetu wenyewe.

Basi tuzichunguze hoja za wanaofukuza, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba mtu wa namna hiyo si ndugu kamili. Nawauliza: ukamilifu huo umepimwa kwa lugha gani? Kiswahili kina ndugu wa tumbo moja, kina ndugu wa baba mmoja, na kina ndugu wa ukoo. Kila jina laeleza njia ambayo undugu umepita, wala halipunguzi undugu wenyewe. Kiswahili hakina nusu ndugu. Waliotuachia lugha hii walikuwa na kila nafasi ya kulitunga neno hilo, kwani wake wengi na watoto wa mama mbalimbali walikuwapo majumbani mwao, nao hawakulitunga. Tena walituachia usemi kwamba kitanda hakizai haramu. Najua kuwa usemi huo hutajwa zaidi juu ya mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, ili asiulizwe asili yake. Lakini angalia hekima iliyo chini yake: lawama, kama ipo, haimfuati mtoto. Sisi leo tumeligeuza neno haramu, tukalitoa kwenye tendo la mtu mzima na kulibandika kwenye paji la uso la mtoto mchanga.

Hoja ya pili ni kwamba mila zetu hazimtambui. Mila zipi? Wazaramo, wenyeji wa pwani hii ambayo Segerea ni sehemu yake, na majirani zao Waluguru, kwa asili walimhesabu mtoto katika ukoo wa mama yake. Kwa utaratibu huo hapakuwa na mtoto asiye na ukoo, hata kama baba yake hakujulikana. Na miongoni mwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, palikuwa na njia ya kumwingiza mtoto nyumbani: baba alimwoa mama, au alilipa fidia kwa wazee wa mama, na shauri likaisha. Mila ziliweka mlango na zikaweka ufunguo.

Wanaotaja mila mahakamani mara nyingi wanataja maandishi, nayo yana historia yake. Katika siku za ukoloni serikali ilimtumia Hans Cory, mzaliwa wa Austria, kukusanya na kuandika sheria za mila za makabila mbalimbali. Vitabu vyake juu ya Wahaya na Wasukuma vilitoka mwaka 1945 na 1953. Baada ya Uhuru, kazi ya kuziunganisha sheria hizo ilizaa Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka huo liliandika kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi upande wa baba, ikiwa baba hakuacha wosia. Siwalaumu waliotaka kuunganisha sheria za nchi changa. Nasema tu kwamba mila iliyokuwa ikisemwa na wazee chini ya mti, ikibishaniwa na kulainishwa kwa kila shauri, ilipowekwa katika karatasi iliganda. Leo twaishika barafu hiyo na kuiita mto wa babu zetu.

Na sheria yenyewe haina kauli moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 14, inawakataza ndugu kuoana, nayo inaeleza kwamba ndugu wa baba mmoja au mama mmoja wamekatazwa sawasawa na ndugu wa baba na mama. Wala haijali kama mtu alizaliwa ndani au nje ya ndoa. Fikiri basi. Binti wa mtu yule wa Tabora na kijana wetu wa Segerea wangekutana chuoni, wasijue lolote, wakapendana. Siku ya kutaka kuoana, sote tungepiga kelele kwamba hao ni ndugu. Siku ya kugawa nyumba tunasema si ndugu. Undugu gani huu unaoamka harusini na kulala mirathini?

Hoja ya tatu ni ya dini, na nataka kuisema kwa adabu. Vitabu vya Mayahudi, vya Wakristo na vya Waislamu vyote vinamtambua Ibrahimu, na vyote vinawataja wanawe wawili waliozaliwa na mama mbalimbali, Ismaili na Isaka. Katika kitabu cha Mwanzo imesimuliwa kwamba Ismaili aliondolewa nyumbani na mama yake, wakaingia jangwani. Lakini siku baba yao alipokufa, ni hao wawili waliomzika pamoja. Aliyebaki nyumbani hakumwuliza aliyetoka jangwani amefuata nini.

Najua pia kwamba kwa sheria ya Kiislamu, kama ilivyofundishwa na mafakihi tangu zamani, mtoto wa nje ya ndoa hurithi upande wa mama, si wa baba. Lakini sheria hiyo hiyo imempa mtu ruhusa ya kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi. Theluthi si kitu kidogo. Baba anayekufa bila kuusia amekuta mlango uko wazi akakataa kupita; asije akasingiziwa kwamba dini ndiyo iliyomfungia. Kwa majirani zetu, katika shauri lililotoka Mombasa, Mahakama ya Upeo ya Kenya iliamua mwezi Juni 2025 kwamba watoto aliowazaa Mwislamu nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu ya namna walivyozaliwa. Baadhi ya viongozi wa Kiislamu waliupinga uamuzi huo, na ubishi haujakwisha. Mimi si fakihi wala si hakimu. Lakini naona jambo moja: ubishi huo wote usingalikuwapo kama wazazi wangeandika, wangali hai, yale wanayowaachia wengine kuyabishania.

Hoja ya nne ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: "Anataka mali tu. Alikuwa wapi siku zote?" Swali hilo, alikuwa wapi, halikupaswa kuulizwa yeye. Alikuwa pale alipowekwa. Aulizwe aliyemweka. Na kuhusu mali, nawaomba wanaosema hivyo wajitazame. Katika kikao chetu watu waliomtuhumu kwa tamaa walikuwa wameshapima uwanja kwa hatua kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kama kutaka sehemu ya mali ya baba ni tamaa, basi sote saba tulikuwa na tamaa. Kama ni haki, basi haki haikutuchagua sita.

Wapo watakaosema: athibitishe. Sawa, na athibitishe, maana matapeli wapo, nao hutafuta nyumba zenye msiba. Tangu mwaka 2009 nchi yetu ina sheria ya kusimamia vipimo vya vinasaba, ambavyo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu haendi huko kama anavyokwenda dukani; maombi hupitia kwa wenye mamlaka, kama vile mahakama, ustawi wa jamii, wakili au polisi. Jambo la kutafakari ni kwamba maabara hiyo, jijini Dar es Salaam, iko kando ya barabara ya ufukoni ambayo mwaka 2013 ilipewa jina la Barack Obama. Mtu huyo alikuwa mtoto wa Mkenya aliyefariki katika ajali ya gari huko Nairobi mwaka 1982, akiacha watoto wa mama wanne. Alipofika Kenya mara ya kwanza, baba yake alikuwa ameshazikwa. Alichokikuta ni kaburi na ndugu. Mtoto wa namna ile akiwa rais, tunampa barabara. Akiwa fundi wa Tabora, tunamnyima marahaba.

Hoja ya tano ni kwamba marehemu hakumtaja, na kwa hiyo tuheshimu siri yake. Hapo ndipo hasira yangu inapofikia, kwa kuwa hoja hii imevaa joho la heshima. Siri ni amana pale inapomlinda mnyonge. Siri inayomlinda mwenye nguvu dhidi ya mnyonge ni dhuluma iliyofunikwa kanga. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio cha msiba wa baba yetu ndicho kilichofichua, na waliolipa gharama ya kuficha kwake ni watu wawili wasio na hatia: mwanawe wa Tabora na mkewe wa Segerea.

Sitaki mtu adhani kwamba nawasahau wajane. Mama yetu hakuwa amesalitiwa kitandani, kwa kuwa mtoto yule alitangulia ndoa. Alikuwa amesalitiwa kwa maneno yasiyosemwa, kila siku, kwa miaka hamsini. Anayemtaka mjane amkumbatie mgeni siku ile ile hajui uzito wa jambo. Mama alikaa kimya hata baada ya arobaini. Kisha aliniita, akauliza kama mama wa mtu yule yu hai. Nikamwambia amekufa. Akauliza nani alimwuguza. Nikamwambia ni huyo huyo mwanawe. Akanyamaza tena, halafu akasema, "Kwa hiyo ameshazika wawili, na mmoja amemzika akiwa amesimama nje." Hakuniambia nifanye nini. Asubuhi yake nilikwenda mahakamani.

Tangazo la mirathi lilikuwa bado halijatimiza siku zake. Niliomba muhtasari ule urekebishwe, na nikaandika kwa mkono wangu watoto saba, jina lake likiwa la kwanza. Isidhaniwe kwamba baada ya hapo palikuwa na vigelegele. Baba mdogo alifariki miaka mitatu baadaye bila kusema nami. Mdogo wangu mmoja hadi leo haji nyumbani akisikia kwamba kaka yuko. Fungu langu lilipungua, na kiti changu cha mtoto wa kwanza kilikwenda. Lakini sasa, nikiulizwa tuko wangapi, nasema hesabu ambayo sihitaji kuikumbuka.

Sasa tuulize chanzo cha watoto hawa wa siri. Si kweli kwamba ni tabia ya Mwafrika, kama walivyopenda kusema wageni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo, mashamba ya mkonge, migodi na kodi ya kichwa viliwang'oa wanaume makwao na kuwapanga katika makambi na vituo vya mbali na wazazi wao. Aliyezaa Tabora hakuwa na mama yake wa kumleta mtoto kwake, wala wajomba wa kumfuata kwa fidia. Ule mlango wa mila niliousema ulibaki kijijini, na mtu akabaki mjini bila ufunguo. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyotuvunjia utaratibu. Lakini hatuwezi kuubebesha ukoloni lawama za leo. Anayeweka nyumba ndogo Kinyerezi leo ana simu mfukoni, na anaishi mwendo wa dakika chache kutoka kwa watoto wake wengine. Hakutenganishwa nao na reli wala na mkonge. Ametenganishwa nao na woga.

Tulikuwa taifa lililochagua neno ndugu kuwa anwani ya kila raia. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa kuwaona binadamu wote kuwa ndugu zake. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, aliujenga ujamaa juu ya jamaa, yaani juu ya undugu wa nyumbani uliopanuliwa hadi ukaifikia nchi, bara na dunia. Baba mdogo aliitwa Ndugu katika mikutano kwa miaka mingi, naye aliwaita wengine hivyo. Ikiwa neno hilo lilitosha kumwita mtu wa kijiji usichokijua, lilishindikanaje kumtoshea mtoto wa kaka yako? Undugu unaohubiriwa mkutanoni na kukanushwa matangani ni kasumba tu.

Yatupasa, basi, kutenda mambo yaliyo wazi. Mzazi na amtaje mwanawe angali hai, na aandike wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini husaidia kuuandika na kuuhifadhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeshasema kwamba mtoto asinyimwe kufaidi mali ya mzazi wake aliyefariki. Lakini sheria hiyo humlinda aliye chini ya miaka 18, na siri nyingi hukomaa kuliko hapo. Mwandishi wa muhtasari wa ukoo, awe mwalimu au karani, akumbuke kwamba kalamu yake ni shahidi. Na wewe mwanafunzi, usimwite mwenzako mtoto wa nje. Hakuna aliyezaliwa nje. Sote tulizaliwa kutoka ndani ya mtu.

Kwa kuwa mimi ni mtunzi wa mashairi, na kaka yangu ni mtu asiyependa maneno mengi, nilimwandikia ubeti mmoja tu, nao ni huu:

Hakuchagua kuzawa, wala baba duniani,
Mwenye kosa kasifiwa, amelazwa kaburini,
Mwanawe kazuiliwa, kasimama barazani,
Mali ndiyo hugawiwa, si undugu abadani.

Aliusoma, akaukunja, akautia katika mfuko ule ule wa plastiki pamoja na barua za baba. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikiifundisha methali hiyo kwa watoto wangu kama funzo la ukarimu. Siku hizi naifahamu kama habari ya ugonjwa: mwenyeji ndiye aliyekuwa mgonjwa.